Neno Nililoandika kwenye Fomu ya Baba

Ilianza Jumamosi tarehe 15 Septemba 2007, saa nne na robo asubuhi. Saa naikumbuka kwa sababu nyuma ya karani wa kliniki kulikuwa na saa ya ukutani yenye picha ya jogoo, na nilikuwa nikiikodolea macho ili nisimtazame baba. Ndipo nilipoandika neno moja la Kiingereza kwenye fomu yake, kwa mwandiko wangu mzuri wa darasani: None. Hakuna.

Mama hakuweza kuja. Jumamosi ndiyo siku yake kubwa ya kuuza mboga huko kwetu, mtaa wa Rhonda hapa Nakuru. Baba anasoma Kiswahili na Kikuyu bila shida, Biblia ameimaliza mara mbili, lakini fomu ya Kiingereza humfanya avue miwani na kuipangusa mpaka mtu mwingine aichukue hiyo fomu. Kwa hiyo alinibeba mimi.

"Mzee, utajaza mwenyewe ama nikusaidie?" karani aliuliza.

"Niko na sekretari wangu," baba akasema, akinisukuma mbele kwa bega. "Form Four huyu. Akikuuliza swali moja la biolojia utatoka hapo mbio."

"Basi sekretari aketi, asije akaninyang'anya kazi."

Watu kwenye benchi walicheka. Mimi ni yule msichana ambaye mwalimu akiita majina najibu kwa sauti ndogo hadi ananiandika sikuja. Lakini sitadanganya hapa pia: nilifurahi. Nilipenda wale watu waone kwamba mtoto wa mtu wa kiwanda cha ngozi anaandika Kiingereza bila kufuta. Halafu baba akaketi karibu nami na ile harufu yake ya ngozi na dawa, ambayo sabuni haiiondoi, nami nikasogea kidogo. Inchi moja hivi. Sijui kama aliona.

Tukaanza. Jina, umri, kazi. Niliandika anafanya kazi kiwandani, chumba cha kutia ngozi rangi.

"Sigara?" nikamuuliza.

"Andika niliacha nilipookoka."

"Kuokoka hawajauliza, baba."

"Andika tu, Mami. Daktari naye ana roho."

Ananiita Mami kwa sababu nilipewa jina la mama yake, kama ilivyo desturi kwetu. Niliandika kwamba aliacha, nikaruka kuokoka.

Kisha tukafika lile swali. Je, katika ukoo wa damu kuna mtu aliyewahi kuugua kibofu au figo, au kukojoa damu? Nililisoma kimoyomoyo mara tatu. Kulitamka mbele ya baba sikuweza.

"Wanauliza kama kuna mtu kwetu aliwahi kuugua huko chini."

"Huko chini wapi? Naivasha?"

"Huko, baba."

Akaelewa. Akageuka akatazama picha ya chanjo ya watoto ukutani.

"Guka yako alitokwa na damu, lakini hiyo ilikuwa ni kiti ya baiskeli," alisema kwa sauti ya chini. "Kiti si ugonjwa. Andika hakuna."

Nikaandika. Baba hakudanganya. Alisema kile alichokijua. Mimi ndiye niliyejua zaidi.

Inabidi nieleze hiyo baiskeli. Guka, yaani baba yake baba, alibeba maziwa kwa baiskeli nyeusi kutoka Bahati hadi mjini, miaka na miaka, mitungi miwili nyuma na mmoja mbele. Alipoanza kukojoa damu, kila mtu alisema ni kile kiti cha chuma kimemchana ndani. Alikufa, na hadithi ikabaki hivyo. Kwetu ukienda mbali kwa baiskeli utasikia mtu anakuuliza kama unataka kufa kama mzee. Hakuna aliyeona ajabu, kwa kuwa kweli kiti kilikuwa kigumu na kweli mzee alitokwa na damu. Na baba naye huendesha baiskeli kwenda kazini, asubuhi na jioni.

Mimi niliona mwezi wa sita. Niliingia bafuni akiwa ametoka tu. Bafu yetu ni mabati pande nne na sakafu ya simiti, na kwenye mfereji kulikuwa na maji ya rangi kama yale unayooshea nyama. Nikajiambia ni rangi ya kazini inamtoka mwilini, maana kila siku anarudi na mikono ya kahawia au nyekundu hadi kwenye viwiko. Nikachota ndoo, nikamwaga, nikafagia. Baada ya siku mbili nikayakuta tena, na siku hiyo ilikuwa Jumapili. Jumapili hakuwa amegusa rangi. Nikamwaga tena na nikafagia tena. Kumwambia mama kungekuwa ni kusema kwamba nilitazama, na kumwambia baba mwenyewe hata sikuwaza. Msichana mkubwa kwetu hasemi na baba yake habari za chini ya mshipi. Kwa hiyo kazi niliyoifanya mwezi huo mzima ilikuwa kusafisha ushahidi.

Mwezi wa saba alianza kusikia uchungu na akamwambia mama. Mama hakusita.

"Si ni ile baiskeli! Nilikwambia ununue kiti kingine."

Akanigeukia mimi, kwa kuwa shuleni nafanya ushonaji. Nikatoa sponji kwenye godoro kuukuu, nikakata jinzi iliyochakaa, nikashona mto wa kiti, mshono mara mbili pembeni. Baba aliufunga, akazunguka uwanja mara moja, akapiga kengele.

"Sasa mimi ni D.O.! Kiti cha serikali! Mami, wewe hutaolewa bure."

Mama alicheka hadi akashika mlango. Nilicheka pia. Nilikuwa nimeona yale maji mara tano kufikia siku hiyo.

Likizo ya Agosti nikaenda Bahati kwa shosho, mama yake baba. Tulikuwa tunachagua maharagwe kwenye ungo, nikamsimulia habari za mto, nikijisifu kidogo. Mikono yake ikasimama.

"Baba yako anatoka damu?"

"Ni baiskeli, shosho. Kama guka."

Akatoa jiwe kwenye maharagwe, akalitupa mbali kuliko ilivyohitajika.

"Na baba yako mkubwa je? Yeye aliwahi kupanda baiskeli?"

Nikacheka, kwa kuwa hicho ni kichekesho cha ukoo wetu. Baba mkubwa, kaka yake baba, aligongwa na baiskeli akiwa mdogo na hakuwahi kuipanda maishani. Hata akichelewa kanisani alitembea, watoto wakimpita wakimpigia kengele. Yeye ndiye aliyetangulia kufanya kazi kwenye chumba cha rangi, akamwingiza baba, halafu yeye akahamia Kariandusi kuchimba ule udongo mweupe. Alipofariki tuliambiwa ni vumbi, limemwingia kifuani.

"Kifua chake kilikuwa kizima," shosho alisema. "Alikuja kwangu mwaka wake wa mwisho. Mashuka yake niliyafua mimi, alfajiri, kabla watu hawajaamka. Niliyafua ya baba yao, na miaka ikapita nikayafua ya mtoto. Rangi ilikuwa ile ile."

"Kwa nini hukusema?"

"Aliniapisha. Alikuwa mwanaume, aliona haya. Na wewe usimwambie baba yako. Akijua ataogopa, ataacha kula kama kaka yake alivyoacha. Umesikia?"

"Nimesikia, shosho."

"Sema hutamwambia."

"Sitamwambia."

Sikupata shida yoyote kuahidi. Kunyamaza ndiyo kazi ninayoiweza kuliko zote, na safari hii nilikuwa nimepewa ruhusa na mtu mzima. Nilirudi Nakuru na nikamkuta baba bado anaendesha juu ya mto wangu. Karibu mwezi mzima nilimtazama akitoka asubuhi. Kisha wiki ile ya pili ya Septemba mkojo ulikataa kutoka nusu siku nzima, akawa anatembea huku na huku kama mtu aliyefungiwa nje, na ulipotoka ulikuja na madonge. Mama akasema Jumamosi ni daktari, hata kama ni kwa kuburutwa.

Basi daktari. Ni mtoto wa Wahindi wafanyabiashara wa hapa mjini, amezaliwa Nakuru, Kiswahili chake ni kama chetu. Familia ina duka la vitambaa chini, kliniki iko katikati, na wao wanaishi juu. Nilitaka kubaki kwenye benchi lakini baba akasema sekretari haachwi nje. Daktari alisoma ile fomu kwa kidole. Alipofika kwenye kazi, kidole kikasimama.

"Chumba cha rangi. Miaka mingapi, mzee?"

"Kumi na tisa."

"Glavu?"

"Zikija tunavaa."

Daktari akasema kuna rangi nyingine zina sumu inayopita kwenye ngozi na pumzi, inaenda kwenye damu, na mwishowe inakaa kwenye kibofu pamoja na mkojo, saa nyingi, ikikwaruza. Inaweza kuleta saratani huko. Moshi wa sigara una sumu za jamii hiyo hiyo. Alilitaja neno saratani kama mtu anayetaja kituo kinachofuata.

Baba akajisogeza mbele. "Lakini daktari, kuna mwenzangu tulianza naye siku moja, pipa moja. Anavuta, anakunywa, hajawahi hata kukohoa. Mbona yeye ni mzima?"

"Swali zuri. Chukua akina mama wawili wanaosha sufuria za harusi. Mmoja ana mkono mwepesi, kabla wageni hawajaondoka amemaliza. Mwingine ni mzito, vyombo vinarundikana, maji machafu yanakaa. Ndani ya mwili, kwenye maini, kuna waoshaji kama hao, wanaivunja ile sumu. Wengine wamezaliwa na waoshaji wepesi, wengine wazito. Wasipoiosha vizuri, nyingi zaidi inafika kwenye kibofu. Na hiyo mtu anairithi kwa baba na mama, kama vile anavyorithi pua."

"Basi mimi nilipewa mvivu," baba akasema.

Daktari alicheka. "Pengine, sijui. Watu wengi sana wanao hao wazito, hata mimi naweza kuwa nao, na hawaugui. Kurithi peke yake si ugonjwa. Shida ni mwoshaji mzito akikutana na vyombo vingi kila siku kwa miaka kumi na tisa. Na kuna mambo mengine ya kurithi ambayo hata sisi hatujayajua yote. Ndiyo maana nauliza habari za ukoo. Kama kuna mwingine wa damu yenu aliugua hivyo, hasa baba au ndugu, nakuwa na wasiwasi mara mbili."

Kisha akanitazama mimi.

"Wewe ndiye umejaza? Swali hili la ukoo, mna hakika?"

Chumba kizima kilikuwa watu watatu. Karatasi ilikuwa pale. Nilikuwa nimesoma urithi darasani, nikapata alama za juu, nikawaeleza wenzangu ubaoni habari za njegere ndefu na fupi, mara moja tu nilipopata ujasiri. Nilielewa alichokuwa anauliza kuliko baba. Nikatikisa kichwa kukubali. Hata sauti sikutoa. Ule ulikuwa uongo wa pili, na huo haukuwa wa baba kabisa.

Daktari akapumua. Akasema mkojo wenyewe una wadudu pia, kwa hiyo tuanze na dawa ya siku kumi. Mtaalamu wa kibofu anakuja kutoka Nairobi mara moja kwa mwezi, na angekuja Jumatatu. Ana mrija mwembamba wenye taa wa kuangalia ndani. Orodha yake ilikuwa imebaki na nafasi moja na daktari alikuwa na wagonjwa watatu.

"Kazi yako inanisumbua, mzee, nakwambia ukweli. Ungekuwa na mtu mwingine kwenu ningekupa hiyo nafasi sasa hivi. Lakini kuna mwenye hali mbaya zaidi. Orodha naipeleka kesho saa sita. Wewe kunywa dawa, uone mwezi ujao."

"Mwezi ujao si mbali," baba akasema. Alishukuru mara mbili. Nje aliuliza kama nina njaa.

Mchana ule niliketi mezani na kitabu cha biolojia. Mama alipita akasema, "Soma, mama, soma," akaenda kinyumenyume asije akanisumbua. Nyuma ya daftari nilikuwa nachora ukoo, vile tulivyofundishwa: mraba kwa mwanaume, duara kwa mwanamke, na mwenye ugonjwa unamjaza wino. Niliujaza mraba wa guka. Nikaujaza wa baba mkubwa. Wa baba niliuacha mweupe muda mrefu, nikiuzungushia kalamu pembeni mpaka karatasi ikachanika kidogo. Chini yake kulikuwa na duara langu, na hilo nilishindwa hata kulitazama, si kwa sababu niliogopa kuugua. Niliona tu kwamba kwenye picha nzima mimi ndiye peke yangu niliyekuwa na kalamu.

Kwenye shajara niliandika mstari mmoja: Baba amepoteza nafasi kwa sababu yangu. Nilitaka kuongeza kwamba nilimwahidi shosho, nikaona ni kujitetea, nikafunga.

Jumapili, saa moja asubuhi. Mama alikuwa ameshatoka kwenda ibada ya kwanza. Baba alikuwa nje ananyoa ndevu, kioo amekiegemeza kwenye ua, shavu moja limepakwa sabuni na jingine limekwisha. Nilikuwa nimembebea maji ya moto. Nikayaweka chini, na nilipoinuka nikajikuta nimeanza.

"Baba, ile fomu niliandika uongo."

"Uongo gani?"

"Sehemu ya ukoo. Si guka peke yake. Baba mkubwa pia."

"Baba mkubwa alikuwa na kifua."

"Shosho aliniambia. Alimfulia mashuka. Damu. Aliapishwa asiseme, na mimi akaniapisha."

Wembe ulibaki hewani. Nilisikia jirani akigombeza kuku. Baba alitazama kwenye kioo, sijui kama alikuwa anajiona yeye au kaka yake, wanafanana.

"Lini alikuambia?"

"Agosti."

"Agosti," akasema. Akahesabu kitu kimya kimya. Nilitamani anichape. "Na mimi nilienda kumwona kaka mara mbili ile miezi yake ya mwisho. Nikimuuliza unaendeleaje, ananiambia ni vumbi la Kariandusi. Tunacheka." Akapangusa wembe kwenye kitambaa ingawa haukuwa na kitu. "Yule mtu hakuwahi kupanda baiskeli."

"Ndiyo, baba."

"Tangu azaliwe."

"Ndiyo."

"Na wewe ulikuwa unaona? Mimi?"

"Tangu mwezi wa sita. Nilikuwa namwaga maji."

Hapo ndipo aliponitazama. Hakuwa amekasirika kama nilivyotegemea. Alikuwa na uso wa mtu aliyefumaniwa hana nguo, na mimi ndiye niliyefumania. Alimaliza lile shavu jingine haraka, akajikata kidogo chini ya kidevu, akasema tu, "Vaa viatu."

Tulitembea. Yeye mbele, mimi nyuma yake, hadi kliniki. Duka la vitambaa lilikuwa limefungwa. Mlinzi akatuambia, "Boss, leo hakuna kliniki," baba akasema hatukuja kutibiwa, tumekuja kurekebisha karatasi, mwambie daktari ni yule mzee wa ngozi na sekretari wake. Alijaribu kulisema kama mzaha. Sauti haikukubali.

Daktari alishuka ngazi na kandambili, kikombe cha chai mkononi. "Mzee? Umezidiwa?"

Baba alifungua mdomo. Akatazama zile ngazi, akanitazama mimi, na nikaona kwamba hawezi. Si kwamba hataki. Ana miaka hamsini na moja na hajawahi kulitaja jambo hilo kwa sauti mbele ya mtoto wake, na sasa aibu ya kaka yake imeongezeka juu ya yake.

Kwa hiyo nilisema mimi, pale chini ya ngazi, baba akiwa karibu kiasi cha kunigusa, mlinzi akisikia, kwa sauti ambayo hata mwalimu wangu angeandika nimekuja.

"Daktari, jana nilikudanganya. Babu yangu alikojoa damu mpaka akafa. Baba yangu mkubwa alikojoa damu mpaka akafa, na alifanya kazi kwenye chumba hicho hicho cha rangi. Baba yangu anakojoa damu tangu mwezi wa sita. Niliona."

Daktari aliweka kikombe kwenye ngazi. Nami nikabaki nimesimama pale pale, sikusogea hata inchi, nikingoja aulize lingine.